Migomba Ndani ya Msingi

Migomba tisa! Niliihesabu mwenyewe kwa kidole, nikiwa nimesimama juu ya kifusi cha udongo tuliouchimba kwa siku nne. Ndani ya mtaro wa msingi wa shule yetu, shule tuliyoililia usiku na mchana, mtu alikuwa amepanda migomba tisa kwa nafasi sawa, kila mmoja umewekewa samadi na kumwagiwa maji. Na mtu mwenyewe hakuwa mlevi wala mgomvi wa kijiji. Alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba yangu mzazi.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Nashona sare za shule pale Mwembesongo, Morogoro mjini, na mafundi wenzangu husema mdomo wangu hauna breki. Siku ile nilishuka kwenye pikipiki pale barabara inapoishia, nikapanda mlima kwa mguu saa moja na nusu bila kupumzika, na magoti yangu haya ya miaka hamsini na ushee, nikiongea peke yangu njia nzima. Wanawake waliokuwa wanateremka na vikapu vya kabichi kichwani walinipisha wenyewe. Waliona huyu leo ana lake.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana usipojua tulivyofika kwenye mtaro ule utaona nagombana na bibi kizee bure.

Familia yetu haijawahi kuwa tajiri. Baba, Mluguru, alishuka kutoka milimani akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani Morogoro mjini mpaka akastaafu, akamwoa mama yetu, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja na ndugu zake kwa treni. Utajiri baba hakuwa nao, ila alikuwa na mazoea. Kila Januari alikwenda sokoni akarudi na mzigo wa madaftari, akaupeleka shule ya msingi ya serikali pale mtaani, akamwachia mwalimu mkuu, akaondoka zake. Hakupiga picha wala hakuandikisha jina. Sisi watoto wake tulinuna, maana viatu vyetu vilikuwa vimetoboka. "Ninyi mna baba," alituambia. "Kuna wenzenu wanaandika kwenye karatasi za kufungia vitumbua."

Tukakua hivyo. Leo kila mwaka nashona sare bila malipo kwa watoto ambao mwalimu mkuu ananiletea, na mdogo wangu wa kiume, fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari upande wa Turiani, siku zake za mapumziko anachomelea fremu za madawati. Hakuna aliyetuamuru. Januari ikipita bila kupeleka kitu shuleni, mimi hata chakula hakipandi.

Sasa baba alipokuwa kitandani mara ya mwisho, alitushika mikono wote wawili. "Lile shamba langu la juu," alisema, "jengeni darasa. Watoto wa kule wasivuke mto." Habari ya mto tulikuwa tumeikariri tangu utotoni. Kila tulipozembea masomo alitukumbusha: "Mimi nilivuka mto kwenda shule! Masika na kiangazi, nilivuka!" Tulikuwa tukimwigiza nyuma ya mlango, tunainua magoti kama watu wanaovuka maji, tunacheka mpaka mama anatufukuza. Siku ile kitandani hatukucheka. Tukamwahidi.

Baada ya mazishi tukapanda mlimani kuliona shamba, na huko ndiko nilikomkuta yule msichana. Mjukuu wa shangazi, anayeishi naye, miaka minane, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota, anapanga mafungu ya karoti kwa hesabu nzuri kuliko hata mimi, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Shule iko ng'ambo ya mto, na kwa miguu ya mtoto ni mwendo wa saa nzima na zaidi. Masika maji yakijaa, hakuna kuvuka. Alipofika miaka sita walisema akue kidogo. Alipofika saba walisema tena akue kidogo. Akanishika sketi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama mkubwa, sare ya kimo changu unaweza kushona?"

"Naweza kwa nini nisiweze!" Nikampima hapo hapo kwa kamba ya mgomba, maana tepu yangu niliiacha mezani mjini. Kiuno, kifua, urefu wa sketi. Nikafunga mafundo kwenye ile kamba nisisahau, nikaitia kwenye mkoba. Nikamwambia Januari unavaa. Jamani, ukishamwahidi mtoto na kumpima kabisa, umekwisha.

Basi tukakimbia, na kukimbia kwenyewe ndiko kulikotuponza. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akafurahi mpaka akasimama. Akatuambia habari ya shule shikizi, yaani shule ndogo inayoegemea shule kubwa ili watoto wa madarasa ya mwanzo wasome karibu na kwao. Familia itatoa ardhi, saruji na bati. Kijiji kitatoa mawe, mchanga na nguvu zake. Serikali italeta mwalimu. Vyumba viwili na vyoo vikiwa vimesimama kabla ya Januari, watoto wanaandikishwa. Visiposimama, watasubiri mwaka mwingine, na yule msichana atafikisha tisa.

Mdogo wangu akanunua bati. Mimi nikaenda kwa wachonga mawe ya makaburi, nikachongesha jiwe zito zuri: *Shule hii imejengwa kwenye ardhi iliyotolewa na marehemu baba yetu mpendwa.* Nikasema maandishi yatiwe rangi ya dhahabu. Nilikuwa na furaha ya kutolala! Nikishona naimba, wateja wanashangaa leo fundi ana nini. Mwezi wa saba tukapandisha bati mlimani kwa vichwa, tukachimba msingi siku nne, nikateremka mjini kumalizia sare za watu. Siku ya tano mwenyekiti wa kitongoji akanipigia simu, nasikia kabisa anabana kicheko.

"Dada," akasema, "njoo uone. Msingi wenu umekuwa shamba."

Ndiyo hivyo nikajikuta juu ya kifusi nahesabu migomba.

Shangazi nilimkuta mbele ya nyumba yake, hatua chache tu kutoka pale, anapalilia maharage. Yeye ndiye mwenye kipande cha tambarare upande ule wote wa mlima. Wengine wote wanalima wakiwa wameinama kana kwamba wanapanda ngazi, lakini maharage ya shangazi yalikaa sawa kama yamewekwa mezani.

"Shikamoo," nikasema, ila niliirusha tu.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Sikuja kula, shangazi. Ile migomba ni ya nini?"

"Ya ndizi."

Weee! Damu ikanichemka. "Shangazi, pale inajengwa shule! Ni shamba la baba, baba amelitoa mwenyewe, mtendaji anajua, kijiji kizima kinajua!"

"Baba yako alikuwa na jembe pale," akasema, na mkono wake haukuacha kupalilia. "Ardhi hakuwa nayo."

Hapo ndipo lilipo kosa letu, na ni kosa ambalo Mluguru aliyekulia mlimani hawezi kulifanya hata akiwa na homa. Kule ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mwanaume analima ardhi ya mama yake na dada zake maisha yake yote, lakini akifa, ardhi inabaki kwa dada zake na watoto wao. Watoto aliowazaa yeye wanafuata ukoo wa mama yao. Na mama yetu alitoka Tabora! Kwa hiyo mimi na mdogo wangu, pamoja na jina la baba na pua ya baba, kule juu hatukuwa na haki ya kung'oa hata gimbi moja. Tulikuwa tumetoa sadaka kwa mali ya mwenzetu, mwenyewe akituangalia. Na baba naye, miaka ile yote ya kukaa mjini ilishamzoesha kusema "shamba langu."

Lakini wakati ule sikufikiri hayo yote. Nilimwona yule msichana amesimama mlangoni ananiangalia, nikakumbuka ile kamba ya mafundo ndani ya mkoba wangu, mdomo ukanitoka. "Shangazi, hayo ni mambo ya kizamani! Ndiyo maana watoto wa huku hawasomi!"

Jembe likasimama. Shangazi aliingia ndani, akatoka na sahani ya viazi na maharage, akaiweka mbele yangu juu ya kigoda, akarudi shambani akanipa mgongo. Bora angenitukana.

Msichana akanisogelea. "Mama mkubwa, kwa hiyo Januari hakuna?"

Nikainamia sahani. Vile viazi nilivila vyote, maana kukataa chakula cha shangazi kungekuwa kosa la pili. Hasira hasara, waliosema hawakukosea.

Nikiwa njiani kuteremka, mtendaji akapiga simu. Amesikia. Akasema bila muhtasari wa kutoa ardhi uliosainiwa na mwenye ardhi, shule haiwezi kuandikishwa hata tukijenga ghorofa. Nikakaa juu ya jiwe pembeni ya njia nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe nilikuwa najikasirikia mimi.

Jumapili mdogo wangu akaja kutoka Turiani. Nilimsimulia yote, nikitegemea atanionea huruma. Alicheka kwanza, tena alicheka mpaka akafuta machozi, pale nilipofika kwenye "ya ndizi." Halafu akauliza:

"Dada, hivi tulipiga hodi kwake?"

"Si nilimwamkia!"

"Siku hiyo ya ugomvi. Siku tuliyopandisha bati je?"

Nikakumbuka. Siku ile tulikuwa watu kama ishirini, tunaimba, bati linalia kwenye vichwa vyetu, na njia inapita mlangoni kwa shangazi. Alikuwa amekaa kizingitini. Tulimpungia mkono tukapita. Tulimpungia mkono, shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu, kama mtu anayeaga basi!

"Tunarudi," mdogo wangu akasema. "Na haturudi mikono mitupu."

Mkono mtupu haulambwi. Nikatafuta kuku jike wa kienyeji, mkubwa, nikamfunga miguu kwa kipande cha kitambaa cha bluu cha sketi za shule kilichobaki mezani. Nikachukua na doti ya khanga mpya. Tukapanda tena, mdogo wangu anahema njia nzima na kitambi chake, mimi nimemkumbatia kuku, na safari hii sikuongea peke yangu.

Tulipiga hodi tukiwa bado mbali. Tukavua viatu. Shangazi akatukaribisha, nikapiga magoti nikamwamkia kwa mikono miwili, nikamwekea kuku mbele yake. Akamtazama yule kuku, akatazama kile kitambaa cha bluu miguuni mwake, akamtuma msichana akawaite wazee wa ukoo mashambani. Wakaja wanne pamoja na mtoto wa kwanza wa shangazi, magoti yao yote yana udongo. Wakakaa.

"Bati lenu lilinifikia kabla ya shikamoo yenu," shangazi akaanza.

"Tumekosa, shangazi," tukasema wote wawili.

"Mmekosa. Na wewe binti una mdomo."

"Ninao, shangazi."

"Si wa kwetu huo. Huo ni wa mama yako. Wanyamwezi wana midomo mpaka walibebea mizigo ya misafara."

Wazee wakaangua kicheko. Utani wa Waluguru na Wanyamwezi ni wa tangu enzi, na mtu hakutanii kama bado amekufungia moyo. Nikamrudishia kuwa Waluguru nao ni wachoyo hata wa kivuli, wakacheka zaidi, nikaona pumzi inanirudi.

Mdogo wangu akaona nafasi. Yeye ndiye mwenye maneno ya taratibu katika familia. "Shangazi, baba hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu watoto wa huku wasivuke mto kama alivyovuka yeye."

Kicheko cha shangazi kikakatika.

"Alivuka?" akauliza. "Alivuka kwa miguu ya nani?"

Shangazi akanyoosha miguu yake mbele yake, akaikung'uta udongo, akatusimulia kwa sauti ile ile anayotumia kusema habari za mbolea. Kwamba yeye alikuwa na miaka kumi na baba yetu sita. Kwamba mama yao alimwambia mpeleke mdogo wako shule. Kwamba kila siku alimbeba mgongoni, akaingia naye mtoni, masika maji yakimfika kifuani, akamtua ng'ambo, akamfuta miguu kwa majani ili asiingie darasani na matope. Mdogo wake akakimbia zake. Yeye akavuka kurudi, akalima, na jua likifika katikati akaenda tena kumngoja.

"Miaka minne," akasema. "Mlango wa ile shule ulikuwa wa kijani. Huo niliuona kila siku. Ndani sijui palikuwaje."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kwa sauti, na kamasi juu, mpaka mzee mmoja akanipa leso yake yenye tumbaku. Miaka yote ile baba anatuambia "nilivuka mto," na sisi tunamwigiza kwa kuinua magoti, kumbe magoti hayakuwa yake! Sijui kama alisahau au aliona aibu. Nilimpenda baba na nampenda, lakini siku ile ningemkuta hai ningemwuliza.

"Shangazi," nikasema nilipoweza kusema, "basi tupe ruhusa pale. Kwa ajili yako wewe."

"Pale hapana."

Nikahisi tumerudi mwanzo. Lakini akaendelea. "Pale mlipochimba hapajengwi. Udongo wa pale masika unashuka. Nimeuona ukishuka mara mbili na magimbi yake. Ninyi mmekuja mkapasua mtaro mkauacha wazi, mvua iingie mle ibomoe mlima mzima? Nimepanda migomba ishike udongo."

"Sasa mbona siku ile hukuniambia?"

"Ulikuja kuuliza, au ulikuja kupigana?"

Wazee wakaangalia pembeni kunisitiri. Shangazi akanyanyuka, akaenda mpaka katikati ya maharage yake yaliyokuwa yamefika magotini, akapiga mguu chini mara mbili.

"Jengeni hapa."

Mwanawe akaruka. "Mama! Utakula nini?"

"Ninyi mna mikono," akasema. "Na ule mteremko wa marehemu mjomba wenu una migomba tisa. Nitaanzia hapo."

Nikapiga kigelegele! Sikuomba ruhusa, kilitoka chenyewe, kikavuka bonde, na ng'ambo mwanamke mmoja ambaye hakujua lolote akakijibu kwa kigelegele chake. Yule msichana alikuwa anaruka ruka kwenye mguu mmoja kuzunguka nyumba.

Mtendaji akaja wiki ile ile na muhtasari. Wazee waliojua kuandika wakasaini. Ilipofika zamu ya shangazi, mtendaji akafungua kidau cha wino, akamshika dole gumba, akalizungusha kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Shangazi aliangalia pembeni wakati wote, mfano wa mtu anayechomwa sindano. Wino haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu, na kwa siku tatu aliwaonyesha watu kidole kile kisimani akilalamika kuwa serikali imemchafua.

Basi tena, kazi ikaanza, na mimi kazi ile ninaikumbuka kwa furaha mpaka leo. Padri alitangaza misani, na Jumatatu asubuhi mlima ulikuwa na watu kama siku ya sikukuu. Mfuko wa saruji haubebeki na mtu mmoja kwa njia ile, kwa hiyo tuliugawa kwenye vifuko vidogo, na kila anayepanda kutoka barabarani akachukua chake: mkulima anayetoka kuuza karoti, mama mwenye mtoto mgongoni, hata mwalimu wa dini. Mawe yalipita mkono kwa mkono kutoka bondeni. Mdogo wangu aliomba likizo kiwandani, mikono yake ikatoa malengelenge, wanawake wakamtania kuwa sukari imemlainisha. Mimi nilichanganya udongo, nikapika, nikagombana na fundi aliyepindisha ukuta, na ukuta ukanyooka!

Na shangazi aliling'oa shamba lake mwenyewe, mstari kwa mstari, akimtangulia fundi. Maharage yalikuwa bado mabichi. Akayachambua, akayaweka kwenye sufuria kubwa la kanisa, akatulisha. Kwa wiki mbili tulilila shamba la shangazi. Kila tulipokula mstari, msingi ulisogea mstari.

Mvua za vuli zikaja mapema, ukungu ukatufunika siku sita, nikadhani basi tumekwama. Tulifunika kuta kwa majani ya migomba na maturubai. Siku ya saba jua likatoka, bati likapanda. Mdogo wangu akateremka mjini kufuata rangi ya mlango, na mtu hakumwambia ainunue ya aina gani. Alirudi na kopo la kijani. Shangazi alipouona ule mlango alikwenda kuugusa wakati rangi haijakauka, tukalazimika kupaka tena.

Likabaki jiwe. Nilikuwa nimelificha chini ya meza yangu ya cherehani miezi yote ile, naona haya hata kulitazama. Mdogo wangu akasema tulipandishe tu, tuseme ukweli. Akalibeba begani mpaka juu. Shangazi akapitisha kiganja kwenye herufi zile za dhahabu.

"Linasema nini?"

Nikamsomea. Nilisoma polepole, nikitamani lingekuwa fupi zaidi.

"Linasema ardhi katoa nani?"

"Baba," nikasema. "Shangazi, tutalivunja, tutachonga jingine lenye jina lako."

"Jiwe zima hili mvunje? Mna wazimu." Akatafakari. "Hapo mlangoni watoto wataingia na matope. Lilazeni kifudifudi, wafutie miguu."

Tukalilaza hivyo. Maneno ya dhahabu yakaenda chini, mgongo wa jiwe ukabaki juu, safi, kizingiti kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Januari ikaja. Nilipanda na fungu la sare kichwani, na ya yule msichana niliiweka juu kabisa. Nilikuwa nimeikata kwa ile ile kamba ya mgomba, fundo kwa fundo, sikukosea hata nukta. Akaivaa. Sketi ikaishia juu ya magoti! Mtoto alikuwa amekua tangu mwezi wa saba, na mimi, fundi mzima, sikufikiria. Nikakaa pale pale kwenye nyasi nikafumua pindo kwa meno, nikalishusha, nikalishona kwa mkono huku mwalimu mpya anapiga kengele, na msichana anatetemeka miguu yote miwili akisema fanya haraka mama mkubwa, fanya haraka. Alikimbia na uzi unaning'inia nyuma.

Nilirudi tena mwezi wa sita, siku ya shule, na madaftari. Shangazi alinisindikiza mpaka pale, maana sasa ana tabia ya kukaa ukutani kusikiliza watoto wakiimba silabi. Watoto walikuwa wametoka mapumziko. Kwenye kizingiti, juu ya mgongo wa lile jiwe, yule msichana alikuwa amepiga magoti na kipande cha chaki, ulimi nje, anaandika. Alipomaliza akasimama pembeni, mikono nyuma.

Shangazi akasimama. "Kameandika nini haka?"

Nikainama nikasoma.

"Jina lako, shangazi."

Akainama na yeye, akashika magoti, akaangalia muda mrefu. Herufi nne, kubwa, moja imeegemea upande.

"Lote ni hilo?"

"Ndiyo lote."

"Kumbe ni fupi hivi!" akasema. "Na wino wote ule walionipaka!"

Tulicheka, mimi, yeye, na msichana asiyejua tunachocheka. Kengele ikalia. Watoto wakaja mbio, na shangazi akawainulia mkono wasikanyage, wakasimama wote mlangoni wanamngoja. Akakunja khanga yake, akapiga magoti palepale juu ya jiwe, akamnyooshea mjukuu wake mkono.

"Hebu lete hiyo chaki."